Naomba ushauri: sherehe ya mavuno kwa watoto 20, Columbus (Ohio, Marekani), mwisho wa Oktoba

mama_wawili: Habarini wakuu. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba nitakuwa na watoto 20, miaka 3 hadi 9, uani, kuanzia saa 9 alasiri. Wazazi wengi hawataki mambo ya Halloween, kwa hiyo ni mavuno tu, bila mizimu. Nawaza kuchonga maboga, matufaha ya karameli, bisi na boga la nazi. Nianzie wapi?

mkulima_wa_baraza: Anza na saa. Tarehe hizo jua linazama kama saa 12 na nusu na baridi inashuka ghafla; saa 11 na nusu wawe wanavaa makoti.

Walio chini ya miaka 6 wapake rangi tu. Pangusa boga likauke, tumia rangi ya akriliki; rangi ya maji haishiki kwenye ganda. Wakubwa boga moja kwa wawili, na kukata mfuniko na kutoa matumbo fanya wewe mapema, maana hapo ndipo muda wote unapoishia. Kata ukiinamisha kisu kuelekea katikati, mfuniko ukae kama kizibo. Ukikata wima unatumbukia ndani. Ukuta wa mbele ukwangue ubaki sentimita 2 na nusu, la sivyo visumeno vya watoto vinakwama. Usikate zaidi ya siku moja kabla, ukungu hauchelewi. Wachonge nyota, jani, suke. Ndani weka taa ya betri.

shangazi_jikoni: Dada, boga la kuchonga usilitie nazi! Lina maji na nyuzinyuzi, utapata uji. Nunua yale madogo ya pai.

Matufaha ya dukani yana nta, ndiyo maana karameli huporomoka yote chini. Chovya tunda kwenye maji yanayochemka sekunde chache, futa kwa kitambaa, lipoe, likauke kabisa, ndipo karameli. Tengeneza siku hiyohiyo, weka friji. Kijiti kikitoboa tunda, maji yake huvuja yakakaa chini ya karameli, na bakteria hupenda hapo. Mwaka 2014 matufaha ya karameli ya viwandani yalieneza listeria, bakteria hatari wa kwenye chakula, huko Marekani. Kwa watoto wa umri huo bora vipande, na karameli kwenye bakuli pembeni.

mama_wawili: Ahsanteni sana. Bisi kiasi gani? Na ule mchezo wa kudaka matufaha kwa mdomo kwenye beseni?

mkulima_wa_baraza: Kikombe kimoja na robo cha punje hutoa kama vikombe 40, viwili kwa kila mtoto. Wa miaka 3 asipewe bisi wala mbegu za boga, zinakaba, mpe ndizi. Juisi ya matufaha lita 4 zinatosha, glasi ya mililita 200 kila mmoja. Ukinunua shambani soma lebo. Kama haijapashwa joto kuua vijidudu, ichemshe kwanza.

Viti: marobota ya mabua ya ngano. Ya nyasi yana vumbi, mwenye pumu hatamaliza saa.

shangazi_jikoni: Beseni achana nalo, watoto 20 mate yao maji mamoja! Funga matufaha kwa uzi kwenye kamba ya kuanikia nguo, yaning'inie usawa wa kidevu, mikono nyuma. Wafupi nyuzi ndefu. Na waulize wazazi leo nani ana mzio wa karanga au maziwa. Karameli ina siagi.