Mjadala: Meli ndogo za utalii zinaposhusha wageni katika madiko ya Pemba, idhini iwe ya nani?

Mtoa mada, Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja nanyi mlioko mbali. Naomba tulijadili kwa utulivu jambo ambalo hadi sasa limekuwa likisemwa barazani kwa manung'uniko tu, bila ya swali lenyewe kuulizwa.

Sizungumzii zile meli kubwa za maelfu ya abiria, ambazo wageni wake huzungushwa Mji Mkongwe kwa saa chache kisha wakaondoka jioni. Nazungumzia meli ndogo za uvumbuzi, ambazo nyingi huchukua abiria wasiofika mia mbili, na ambazo sifa yake kubwa ni kufika pale meli kubwa zisipoweza kufika. Hutia nanga nje ya mwamba, zikateremsha boti za mpira, na muda si muda wageni wako ufukweni pamoja na wataalamu wao wa ndege, wa nyangumi na wa historia. Utalii wa namna hii ulipata sura yake mwaka 1966, pale mwandaaji wa safari Lars-Eric Lindblad alipowapeleka wasafiri wa kawaida Antaktika. Baadhi ya meli hizo bado hufanya kazi Antaktika kuanzia Novemba hadi Machi, kisha huhamia Aktiki kwa kiangazi cha kaskazini, na katika kuhama huko zipo zinazopitia Bahari ya Hindi, zikatembelea Shelisheli, Madagaska, Komoro na visiwa vyetu.

Swali langu ni hili: je, meli hizo zishushe wageni katika visiwa vidogo na madiko ya Pemba, yaani pale vyombo vya wavuvi wetu vinapotua, kwa kibali cha ofisini mjini peke yake, au neno la mwisho liwe la watu wa pwani inayoshukiwa? Mimi nasema liwe lao, na liwe ni pamoja na haki ya kukataa.

Nitaeleza nilichokiona. Miaka kadhaa nyuma, meli moja ambayo sitaitaja ilitia nanga nje ya kijiji cha ukweni kwangu, upande wa magharibi wa kisiwa, katikati ya siku za bamvua, yaani siku za maji makubwa. Kila aliyekulia pwani anajua kwamba kwetu maji ya bamvua hupwa kabisa kwenye saa nne na saa tano za asubuhi, na kwamba tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, kwa hiyo mwamba wote huwa wazi. Ratiba ya meli ilisema wageni washuke saa nne. Boti zikakwama mbali, na wageni wapatao themanini wakateremka wakaukata mwamba kwa miguu, juu ya matumbawe machanga na mapango ya pweza, wakipita katikati ya wanawake walioinama na michokoo yao, zile fimbo za kuchokolea pweza. Wanawake wale walikuwa wamepandisha kanga, kama ilivyo desturi ya kazi ile, kwa kuwa saa hiyo pwani huwa ni yao. Walipigwa picha. Kijijini siku hiyo kulikuwa na maiti ikisubiri kuzikwa baada ya adhuhuri, na sheha, kiongozi wa shehia yetu, aliipata habari ya meli kutoka kwa watoto wa skuli waliomkimbilia makaburini.

Sidhani kwamba kulikuwa na mgeni hata mmoja aliyekuja na nia mbaya. Kiongozi wao aliomba radhi kwa adabu, akatoa mchango wa madrasa, na saa nane meli ikang'oa nanga. Lakini mama mkwe wangu hakurudi mwambani hadi bamvua ile ikapita, na bamvua kwa mwezi ni mbili tu.

Wenye meli husema kwamba wao hufuata kanuni kali kuliko utalii mwingine wowote, na kwa kiasi fulani wanasema kweli. Kule Antaktika, chama cha waendeshaji wa safari hizo kimejiwekea sharti kwamba wasiwepo nchi kavu zaidi ya wageni 100 kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe mtu. Katika visiwa vya Galápagos meli hazizidi abiria 100, na mwongoza wageni mmoja hachukui zaidi ya watu 16. Svalbard, visiwa vya Norwei huko Aktiki, kuanzia mwaka 2025, imezuia meli zenye abiria zaidi ya 200 katika maeneo yake ya hifadhi. Nazisifu kanuni hizi. Lakini tazameni zimeandikwa kwa ajili ya nani: kwa ajili ya pengwini, kobe na dubu wa barafuni. Antaktika haina mwenyeji wa kuulizwa. Wala Aldabra ya Shelisheli, ambayo meli hizi huipenda sana, haina kijiji. Kuna watumishi wa taasisi inayoihifadhi tu. Meli ikitoka huko ikaja moja kwa moja hadi visiwa vyetu vya Fundo au Kojani, vyenye watu, na kanuni zile zile mkononi, inakuwa imejiandaa vizuri kwa kiumbe mwingine.

Hata Misali, ambayo mgeni huiona ni kisiwa kitupu, si tupu. Ni hifadhi tangu mwaka 1998, na ndani yake limo eneo ambalo haliruhusiwi kuvuliwa, lakini pia ni dago la wavuvi kutoka shehia nyingi, wanaolala pale siku kadhaa kwa msimu wa upepo wao. Wazee wetu wanasimulia kwamba Nabii Khidhri aliomba msala wa kusalia akaukosa, akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala, na ndiyo asili ya jina lake. Ng'amba na kasa hutaga huko. Yote haya yanakaa katika eneo lisilofika hata kilomita moja ya mraba, na watu themanini mahali kama hapo si wachache.

Kuna jambo jingine linaloniumiza. Katika matangazo ya safari hizi, nyangumi, ndege na "tamaduni za asili" hutajwa kwa pumzi moja, kana kwamba sisi sote ni wa kutazamwa kwa darubini. Mkojani ambaye babu yake alikwenda dago hadi Tanga, Mombasa na Mafia ni msafiri wa bahari hii kabla ya meli hiyo kuundwa. Akitembelewa, basi atembelewe kama mwenye nyumba, apigiwe hodi.

Mchangiaji, Chake Chake

Waalaykumu salaam kaka yangu. Nimekusoma kwa makini, na kisa cha ukweni kwako kimenihuzunisha. Hata hivyo naomba nikupinge, kwa kuwa mimi natembeza wageni Pemba kwa mwaka wa kumi na tatu sasa na mkate wangu umo humo.

Kwanza, unaelekeza lawama kwa anayekuja mara moja kwa mwaka, ukamwacha anayekuja kila siku. Boti za mahoteli hupeleka wageni Misali asubuhi na mapema karibu msimu mzima, baadhi yao hutupa nanga juu ya matumbawe, na sijawahi kusikia mtu akiitisha mjadala. Matumbawe yale yaliungua na joto la bahari mwaka 1998, na joto hilo halikuletwa na boti ya mpira. Ukipima madhara kwa haki, hutaanza na meli ndogo.

Pili, mgeni wa meli hizi ni yule anayetaka kujua. Nimewapeleka Kidike kuwatazama popo wetu, ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa Pemba. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo hawa walikuwa wanakaribia kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti, na leo wako kwa maelfu. Waliookoa hali hiyo ni wanakijiji wenyewe waliokubali kuulinda msitu wao, na kiingilio cha mgeni ni sehemu ya sababu iliyowafanya waendelee. Wageni hao hao niliwapeleka Ras Mkumbuu, wakasimama kwenye magofu ya msikiti wa kale kwa saa nzima wakiuliza maswali ambayo vijana wetu wengi hawajawahi kuyauliza. Unguja imejaa wageni, sisi tunapata makombo. Ukifunga mlango huu mdogo, kijana aliyejifunza majina ya ndege wa msitu wa Ngezi kwa Kilatini atahamia Nungwi, Unguja, akauze miwani ya jua.

Tatu, na hili ndilo zito: ratiba ya meli hupangwa mwaka mmoja au zaidi kabla. Meli haiwezi kubisha hodi kwa kila sheha na kila kamati, mmoja akasema ndiyo, wa pili akataka fedha zaidi, wa tatu akabadilisha mawazo siku ya kufika. Itakwenda Nosy Be, Madagaska, na sisi tutabaki na haki yetu ya kukataa kitu ambacho hakiji tena.

Mchangiaji, Kisiwa Panza

Kaka zangu, nyote wawili mmesema "wanakijiji" na "wenye pwani" kana kwamba ni mtu mmoja. Mimi ni katika hao wanaoinama na mchokoo, naomba nami nisikilizwe.

Huku kwetu tumewahi kulifunga eneo la pweza kwa miezi mitatu, kwa makubaliano ya kijiji, na shirika la Mwambao limetusaidia katika kuandaa utaratibu. Pweza hukua haraka mno, na eneo likipumzishwa wadogo hupata nafasi ya kuwa wakubwa. Siku ya kufungua hutangazwa, watu hushuka pamoja na mizani huwa iko tayari. Ulinzi ulikuwa mgumu, na wapo walioiba usiku, wakiwemo jamaa zetu wenyewe. Lakini tulithibitisha kwamba kijiji kinaweza kuifunga bahari yake na kuifungua kwa kalenda, na hivyo mtu asituambie kwamba hatuna uwezo wa kupanga siku za meli.

Kwa mtoa mada nina swali. Idhini ukiipeleka kwenye kamati, ni kamati ipi? Nyingi zimejaa wanaume wenye mashua, na mwamba unaokanyagwa na wageni ni kazi ya wanawake. Mchango wa madrasa uliotolewa siku ile ulikuwa wa heri, lakini je, katika wale waliopigwa picha nani aliulizwa? Kama wanawake wanaokwenda pwani hawamo katika kikao, basi mtakuwa mmeitoa idhini ofisini mjini na kuipeleka ofisini kijijini, nasi tutabaki pale pale tulipo.

Mtoa mada, Wete

Dada yangu wa Kisiwa Panza umenisahihisha, na nimekubali bila ya kujitetea. Nilipoandika "wenye pwani" nilimfikiria sheha na wavuvi, ingawa mfano nilioutoa mwenyewe ulikuwa wa wanawake. Kikao kisichokuwa nao kisihesabike kuwa kimetoa idhini.

Ndugu yangu wa Chake Chake, juu ya boti za mahoteli sina ubishi; kanuni itakayowekwa iwashike wote, na nanga ya hoteli juu ya matumbawe si nyepesi kuliko ya meli. Lakini hoja yako ya ratiba, nimeitafakari usiku mzima, naiona inasimama upande wangu. Ni kweli kwamba meli hupanga safari mwaka mmoja kabla. Majedwali ya maji nayo huchapishwa mwaka mmoja kabla. Bamvua zote za mwaka ujao zinajulikana leo kwa saa na dakika, Ijumaa zinajulikana, na Ramadhani inajulikana kwa tofauti ya siku moja au mbili. Kila shehia yenye diko ikae kikao kimoja kwa mwaka, wanawake na wavuvi, iandike siku ambazo pwani yake haipokei wageni, idadi ya watu inayoweza kuwapokea kwa pamoja (kwa kijiji cha ukweni kwangu nisingevuka ishirini) na ushuru wake, kisha orodha hiyo iwe sehemu ya kibali kinachotolewa mjini. Meli itabisha hodi mlango mmoja tu, na jibu la vijiji vyote litakuwa limo ndani. Likitokea la kutokea, kama ile maiti, sheha awe na nambari ya kumpigia nahodha, na nahodha awe amefungwa na kibali kulisikia neno lake.

Kwamba zitatukimbia, sikubaliani. Watu wa Guna kule Panama wanasimamia wenyewe utalii wa visiwa vyao, wanatoza wanachotoza, na mgeni akitaka kupiga picha hulipia. Wageni wanaendelea kwenda. Ekuador ilipandisha kiingilio cha hifadhi ya Galápagos kwa wageni wengi kutoka dola 100 hadi 200 mwezi wa Agosti 2024, na meli ziko palepale. Msafiri wa meli hizi hutoa maelfu ya dola ili afike mahali penye heshima yake. Unayoyasimulia ya Kidike yanathibitisha hayo hayo: popo wamepona kwa sababu wenye msitu ndio walioshika mlango.

Jana usiku nilimsomea mama mkwe wangu michango yenu yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema dada wa Kisiwa Panza apewe salamu zake. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuwa na jibu lake, nami nalileta kwenu, hasa kwako ndugu yangu unayewajua watu hawa: zile picha alizopigwa asubuhi ile mwambani, kanga ikiwa juu ya magoti, sasa ziko wapi, na je, anaweza kuomba zifutwe?