UMISSETA: nani alishinda nini, mwaka gani, kwa muda gani? Hakuna ajuaye na hakuna anayejali

Wakuu, habari za muda huu. Nimekuja na povu, asiyetaka povu apite kushoto.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Mwaka huu kwenye UMISSETA, haya mashindano ya michezo ya shule za sekondari, kavuka kata, kavuka wilaya, kaingia timu ya mkoa kwenye mita 800. Ndiyo mbio niliyokimbia mimi mwenyewe enzi zangu, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa haikaliki. Karudi na cheti. Cheti kizuri, kina nembo, sahihi mbili na muhuri, kimeandikwa "ameshiriki". Basi. Nikamuuliza, mwanangu ulitumia muda gani? "Baba, niliingia wa pili." Kuingia wa pili naelewa, nataka muda. Hajui. Nikampigia mwalimu wake wa michezo, kijana mstaarabu kabisa: "Shikamoo mzee. Muda tuliuchukua, ila ile karatasi alibaki nayo mwalimu wa shule nyingine."

Alibaki nayo! Mtoto kafanya mazoezi tangu Januari, kaamka saa kumi na moja alfajiri, halafu jasho lake lote liko kwenye karatasi ya daftari mfukoni mwa mtu asiyejulikana.

Nikasema ngoja niende ofisini. Sitaji halmashauri, maana nikiitaja mtasema nina ugomvi na watu, na najua nyingi ziko hivyohivyo. Nilikwenda na hoja mbili: muda wa binti na muda wangu mimi. Mwaka 1998 nilikimbia 800 nikafika hadi kanda, pekupeku, uwanja wa majani, mistari imechorwa kwa majivu. Mwalimu aliyeshika saa aliniambia dakika 1 na sekunde 56. Miaka yote hii naitembeza hiyo namba kwenye vijiwe na sina pa kuithibitishia. Wanangu wanaona ni zile hadithi za wazee.

Nikafunguliwa stoo. Mipira iliyopasuka, nguzo ya netiboli imekatika, boksi la jezi limeliwa na panya. Na mafaili yapo, tena yamepangwa vizuri! Nikafurahi. Nikafungua la kwanza: orodha ya posho za walimu wasindikizaji. La pili: posho za waamuzi. La tatu: mafuta ya gari na chakula. Kila jina lina sahihi mbele yake, hakuna aliyesahaulika hata mmoja. Matokeo ya mbio? Hakuna faili hata moja. Yaani waamuzi wamelipwa kwa mbio ambayo mshindi wake hajulikani.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa nikaamua kuja hapa.

Hebu tujiulize, historia ya UMISSETA anayo nani? Haya ni mashindano yaliyopita kwenye maisha ya mamilioni ya Watanzania. Kwenye fomu ya kujiunga na shule mchango wake tuliuona na wazazi walilipa. Unaanzia shuleni, unapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Sisi wa zamani taifa tulikuwa tunakwenda kwa kanda. Ziwa, Kaskazini, Mashariki, Nyanda za Juu Kusini, na mtu wa kanda alikuwa mtu kwelikweli, akirudi shuleni hata jikoni anaongezewa ukoko. Kisha kanda zikaondolewa, sasa kila mkoa unaingia kivyake. Sina tatizo na hilo, watoto wengi zaidi wanafika. Swali langu ni moja: zile kanda zilipokufa, makabati yake yalikwenda wapi? Nani alikabidhiwa? Au yalikuwa hayapo tangu mwanzo?

Halafu kuna lile pengo ambalo vijana wa leo hawalijui. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilifuta michezo mashuleni, UMISSETA na ile ya shule za msingi, UMITASHUMTA, zote, eti zinawatoa watoto kwenye masomo. Mdogo wangu alikuwa anaruka miruko mitatu vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Akamaliza kidato cha nne bila kushindana hata siku moja. Leo ni fundi wa friji. Awamu ya nne ikairudisha michezo, tukapiga makofi, lakini hakuna aliyekaa chini kuandika tulipoteza kizazi gani katikati. Utaandikaje wakati hata waliotangulia hukuwaandika?

Miaka ya karibuni tumezunguka: Mwanza, Mtwara 2019, 2020 corona ikafuta, Mtwara tena 2021, Tabora miaka mitatu mfululizo, Iringa 2025. Sherehe za ufunguzi zinarushwa mubashara, waziri anahutubia, halaiki inapendeza. Sawa. Sasa nenda katafute bingwa wa mita 800 wasichana Tabora 2022 na muda wake. Nakupa siku nzima na bando juu. Utapata picha za viongozi wakipiga penalti.

Kuna watakaosema, mzee, karatasi zina kazi gani, cha msingi watoto wacheze. Sikilizeni. Hawa mamluki tunaowalalamikia kila mwaka wanapita mlango huohuo. Kijana kamaliza kidato cha nne mkoa mwingine, kakaa mtaani, kachezea timu ya daraja la chini, halafu anaibuka kidato cha tatu shule fulani na jina jipya, ndevu kazinyoa asubuhi. Utamkamata kwa kipi? Kama kungekuwa na daftari linaloonyesha huyu alicheza mwaka juzi mkoa fulani, namba fulani ya usajili, picha hii hapa, angekamatwa kabla hajavaa viatu. Kwa sasa tunamkamata kwa macho, tunabishana hadi usiku, na mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda rufaa.

Na riadha ndiyo imeumia zaidi. Mpira wa miguu mtu anaonekana kwa macho, riadha ni namba. Sote tunajua Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3:32.2 akavunja rekodi ya dunia. Tunajua kwa sababu alikimbilia Christchurch mwaka 1974, kwa watu wanaoandika. Angekimbia muda huohuo uwanja wa wilaya, leo tungekuwa tunabishana kijiweni kama ilivyo kwangu. Medali zetu za Olimpiki ni mbili tu, za Bayi na Nyambui, Moscow 1980. Mwaka 2025 Simbu katuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo, taifa zima limelia. Sasa niambieni, nani ana orodha ya watoto wa miaka 15 waliokimbia vizuri mwaka huu, ili mrithi wa Simbu atafutwe kwa jina na siyo kwa bahati?

Msinitajie Fountain Gate. Mabinti wale walitwaa ubingwa wa shule wa CAF kule Durban 2023 na dola 300,000 juu, nawavulia kofia. Lakini ile ni shule yenye mradi wake na inayojua inachokifanya. Mimi naongelea mtoto wa shule ya kata.

Jirani zetu sitawasifia sana maana nao wana mamluki wao. Ila nilifika Iten, Kenya, mwaka fulani kikazi, nikapita shule ya St. Patrick's, ile alikofikia mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell, yule mwalimu kutoka Ireland aliyewanoa mabingwa wa riadha. Pale bingwa akitoka shuleni anapandiwa mti, na mti una jina lake. Mtoto wa kidato cha kwanza anapita chini ya kivuli cha bingwa wa Olimpiki akienda bwenini. Mti! Siyo kompyuta, siyo bajeti ya mabilioni. Nilisimama pale nikajisikia vibaya, hata dereva akaniuliza kama naumwa.

Ninachotaka wala siyo kikubwa. Cheti kiandikwe muda au umbali, kiandikwe na mwaka. Matokeo ya mkoa yabandikwe ubaoni na nakala ibaki shuleni. TAMISEMI wana tovuti, waweke faili moja kila mwaka. Kama mnaweza kutunza sahihi ya aliyepokea posho, mnaweza kutunza jina la aliyekimbia.

NYONGEZA: Kuna mkuu kaniuliza kwa kejeli kama huo muda wangu nimeutunga. Mkuu, huo ndio msingi wa uzi wenyewe, rudia kusoma.

NYONGEZA 2: Kwa kuwa mmefika wengi, nami niweke tangazo langu. Fainali ya 800, kanda, 1998. Kuna jamaa mwembamba, kaptula ya kijani iliyofungwa kwa kamba ya katani, alinipita zimebaki kama mita tano. Jina sikulipata, na kule ofisini hawana. Kama upo humu, au ni baba yako, au mjomba wako, njoo PM. Sina kinyongo. Nataka kujua na wewe walikuambia ngapi.