Sola, maji au upepo: nyumba ya wageni Milima ya Taita

Kijana_wa_Tudor: Wakuu, kuna nyumba ya wageni ya vyumba 6 huko Taita, mbali na laini ya stima. Matumizi ni yuniti 2.5 (wati-saa 2,500) kwa siku: taa za LED, friji ndogo, ruta, simu. Kijito kiko mita 150, hakikauki. Vifaa vitanunuliwa Mombasa. Tuchukue nini?

FundiLikoni: Kosa la mafundi wa huku ni kupiga hesabu kwa jua la pwani, yaani saa tano za jua kali kwa siku. Kule Juni hadi Septemba ni ukungu, kwa hivyo weka saa 3. 2,500 ÷ 3 ÷ 0.7 (hasara za betri, nyaya na inveta, ile inayogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240) ni kama wati 1,190: paneli 3 za wati 400. Betri ya lithiamu ya volti 24, 200Ah (ampea-saa), ukiitumia asilimia 80, yakupa siku moja na nusu. Betri za jeli usizishushe chini ya nusu, basi utahitaji 4 za volti 12, 200Ah.

Mwana_Kisauni: Kijito hakikauki na bado mwahesabu paneli? Weka tabo, mashine inayozungushwa na maji kutoa umeme: lita 5 kwa sekunde zikishuka mita 20, ufanisi nusu, ni wati 490 usiku na mchana. Karibu yuniti 12. Pima wakati wa kiangazi: ndoo ya lita 20 ijae kwa sekunde 4. Paipu iwe inchi 4. Ya inchi 2 ni bei rahisi, lakini kwa mita 200 msuguano wameza mteremko wote. Mdomoni mwa paipu weka wavu wa kuzuia majani, kisha tangi la kutuliza mchanga, la sivyo tabo italika. Na kibali cha WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, kwanza.

FundiLikoni: Nakubali, ila usivute volti 24 kwa mita 150. Wati 490 ni ampea 20. Waya wa 10mm² utapoteza volti 10 njiani. Toa volti 240 kule kule kijitoni. Ziada ipelekwe kwenye koili ya maji moto, maana wageni wakizima taa tabo hukimbia ovyo.

Kijana_wa_Tudor: Na upepo?

Mwana_Kisauni: Acha. Kasi ikipungua nusu, nguvu yabaki moja ya nane. Bondeni miti huuvunja.

FundiLikoni: Na shawa za umeme za papo hapo usiweke hata moja, yala zaidi ya wati 3,000, inveta itazima.