Mrejesho: Kasuku mzee ameanza kunikubali

Wapendwa, mwezi wa tatu niliwaomba ushauri kuhusu kasuku wa kijivu wa miaka 22 niliyeachiwa na jirani aliyehama. Alikuwa ananguruma kila nikisogelea tundu, na alishanitoboa kidole mara mbili. Mlinisihi niache kumlazimisha atoke. Nawashukuru sana.

Kosa langu lilikuwa mkono. Nilikuwa nautia ndani kila siku nikidhani atazoea, kumbe namthibitishia kuwa mimi ni adui. Wiki tatu sikumgusa kabisa. Nilikaa mbali kidogo na tundu, nimempa ubavu, bila kumkodolea macho, nikisoma gazeti kwa sauti. Mbegu za alizeti nikaziondoa kwenye bakuli lake, akawa anazipata kwangu tu. (Na aliyenionya kwamba parachichi ni sumu kwa kasuku, Mungu akubariki. Mti uko hapo hapo uani na sikujua.)

Jumanne iliyopita alisogea polepole kwenye kijiti, manyoya ya shingo yamelala, mboni zimetulia. Akachukua mbegu kwa ncha ya mdomo, akaimenya, ganda likadondoka kiganjani mwangu. Kisha akainamisha kichwa nimkune. Nilimkuna kwa kidole kimoja, sekunde chache, nikaacha kabla hajachoka. Machozi yalinitoka.

Kupanda mkononi bado. Akiona taulo anatetemeka, kwa hiyo taulo zote nimezihamishia chumbani. Usiku nikizima taa bado anaita jina la yule jirani. Namjibu, "Nipo hapa."