Wamama mnaofanya kazi, mnatuliza vipi kichwa mkifika home?

Habari zenu wapendwa, naomba ushauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja yupo darasa la pili mwingine ana miaka 3, nafanya kazi ya kaunta benki huku Posta ila naishi Chanika. Natoka saa 12 jioni, foleni ya Gongo la Mboto ikikaa vibaya nafika saa 3 usiku, nimesimama kwenye daladala njia nzima na kichwani bado nahesabu hela za watu. Sasa nikifungua tu mlango watoto wananirukia na mimi nafoka. Juzi mdogo kamwaga uji kwenye sare yangu, nikampigia kelele mpaka dada wa kazi akambeba akatoka naye nje. Usiku sikulala jamani.

Nimejaribu kuangalia tamthilia, nasinzia na simu mkononi. Jumamosi ndo kufua. Baba yao ni dereva wa malori, wiki 2 hayupo.

Nyie ile nusu saa ya kwanza mkifika mnafanyaje ili hasira za kazini zibaki nje? Na kuna aliyeomba bosi amsogezee muda wa kutoka, alianzaje kumwambia?