Nyie mnaobuni batani za tachi zenye taa: sifuri moja imemla mke wangu 270,000

Wakuu habari za jioni. Mi sio mtu wa kufungua nyuzi, nipo humu miaka nasoma tu na kugonga laiki, ila leo nimevurugwa na lazima niteme. Povu litakuwa refu, mwenye haraka apite.

Mke wangu ni wakala wa pesa za simu, anakaa chini ya mwavuli karibu na stendi. Laini zake zote alikuwa anaziendesha na kitochi cha kizamani cha batani za mpira, namba zilishafutika zote lakini alikuwa anapiga *150* bila hata kuangalia, anaongea na mteja huku dole gumba linatembea lenyewe. Mwezi wa tatu akapita mmachinga anauza zile simu nyembamba saizi ya kadi ya benki, akainunua 45,000. Jioni akaniletea niikague na hapa ndio panaponiuma wakuu, mi ni fundi simu, niliishika nikaisifia. Nikamwambia mama umelamba dume.

Na kweli ilikuwa nzuri. Mbele kioo cheusi kitupu, hakuna namba wala alama, ukigusa tu zinawaka zote kwa mpigo rangi ya bluu, unaona kama dashibodi ya gari limeshuka bandarini jana. Hiyo ni usiku sebuleni sasa, maana kesho yake saa sita mchana chini ya mwavuli kioo ni cheusi hata kikiwa kinawaka. Taa yenyewe kadogo inashindana na jua, jua linashinda, na kwakuwa namba hazijachorwa juu ya kioo zinategemea mwanga tu kuonekana basi anabaki ameshika kipande cha kioo cheusi anabahatisha. Akawa anaifunika na mkono kama mtu anawasha kiberiti kwenye upepo. Wateja wakaanza kumtania.

Mwanamke ana akili, akachukua rangi ya kucha nyekundu akadondosha tone moja kwenye 5. Kile kitochi chake cha zamani kilikuwa na kanundu kwenye 5, simu za batani karibu zote zinako ili kidole kijue kipo wapi bila macho, kitu cha miaka na miaka kisicho na gharama yoyote, halafu mtu na digrii yake kakiondoa ili kioo kiwe kimenyooka!!

Sasa siku ya tukio. Jioni, umeme umerudi, simu ipo kwenye chaja ya buku tatu kwenye kibanda cha jirani. Kaja mteja anaweka 30,000. Mke wangu kapiga namba, kapiga 3, kapiga sifuri nne, kaweka namba ya siri, mteja kapata meseji yake kaangalia simu kaondoka anatembea haraka kidogo (hiyo ya kutembea haraka tumekuja kuikumbuka baadae). Usiku anafunga hesabu floti (hela yake ya mtaji kwenye laini) haisomi. Kuangalia, ilienda 300,000. Kupiga simu namba haipatikani, kuomba muamala urudishwe hela ilishatolewa. 270,000 wakuu. Faida ya karibu mwezi mzima kwenye kile kikibanda.

Najua mtaniuliza kwani hakusoma kiasi kabla ya kuweka namba ya siri. Kiskrini chenyewe ni cha inchi moja, maelezo yanakuja yamebanana, 30000 na 300000 bila mkato, watu watano wamesimama mbele yake. Yeye mwenyewe kakubali kosa lake na amelia nalo. Mi nataka kuongelea ile sifuri ya tano imetoka wapi maana anaapa hakuipiga, na mi namwamini kwa sababu niliifungua ile simu.

Kwa wasiojua, hizi batani za tachi hazina kitu kinachobonyea. Chini ya kioo kuna kipande cha shaba kwenye bodi, na chipu inapima muda wote kile kipande kinabeba chaji kiasi gani. Kidole kikisogea kinaongeza kidogo, na nikisema kidogo ni kidogo kweli, mara nyingi haifiki hata pikofaradi moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya faradi. Chipu inatakiwa ione hicho kitu ndani ya kelele zote (za umeme, sio za sauti) zilizopo humo kwenye simu alafu iamue, hiki ni kidole au sio kidole. Ni kazi ngumu sikatai. Kwa hiyo ukiamua kuifanya ifanye kwa adabu.

Nilichokikuta ndani: kila kipande cha shaba kimetobolewa tundu katikati na LED, yaani kataa kenyewe, imekaa hapo hapo tunduni. Hiyo haina shida, ndivyo wengi wanavyofanya ili mwanga utoke katikati ya namba. Shida ni kwamba waya za LED zimepita chini ya vipande vya shaba bila kinga yoyote. LED ikiwa imezimwa ile waya yake inakuwa kama inaelea, ikiwashwa inashikika, na shaba iliyo jirani inahisi hilo badiliko kama kidole kimefika. Dawa yake inajulikana, ipo kwenye miongozo ya watengeneza chipu wenyewe, unaweka kakapasita (kadude ka kutunza chaji) ka nanofaradi moja hivi kutoka kwenye LED kwenda graundi, ule upande wa hasi wa bodi (zile za sahani zinaandikwa 102, kila fundi anazo kwenye kopo). Bei yake hata shilingi hamsini haifiki. Hawakuweka. Nafasi ya kuwekea ipo kwenye bodi imechorwa kabisa, wameiacha tupu. Mhandisi alijua, mtu wa bajeti akafuta.

Cha pili ni taa yenyewe. LED za bluu na nyeupe zinataka kama volti 3 kuwaka vizuri. Betri ikiwa imejaa inatoa 4.2, ikichoka inashuka mpaka 3.4 huko. Anayejua kazi anaweka kasaketi ka kupandisha volti ili mwanga usibadilike. Hawa wameweka rizista (kidude cha kupunguza mkondo) basi, matokeo yake asubuhi namba zinachoma macho, jioni betri imeshuka zimefifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta, na jioni ndio wakati wenyewe anaozihitaji.

Sasa chaja. Nilifanya hivi, nikachomeka ile chaja ya buku tatu nikapiga sifuri mara ishirini huku nahesabu kwa sauti. Skrini ikaandika sifuri 23. Nikachomoa nikachomeka kwenye laptopu inayotumia betri, nikapiga ishirini zikaja ishirini. Nikarudia tena na tena mpaka mtoto akaniuliza baba unafanya nini. Chaja hizi rahisi zinavujisha umeme kidogo kupitia ndani, ndio maana ukishika simu ya bodi ya chuma ipo kwenye chaja na uko peku unahisi kama inatekenya. Nilipima na mita kati ya graundi ya simu na ardhi nikakuta volti 90 na ushee, haikuui mkondo wake ni mdogo sana, ila pamoja na makelele ya chaja inavyokata-kata umeme simu inakuwa inaelea juu juu, wewe umesimama chini, kidole chako ndio daraja. Kila ukigusa kelele yote inapita hapo hapo kwenye shaba. Chipu inaona kidole kimegusa, kimetoka, kimegusa tena. Sifuri moja inakuwa mbili.

Na hilo nalo lina dawa! Programu ya ndani isome mara kadhaa mfululizo kabla haijakubali, na isome pale taa imetulia sio wakati inawaka na kuzima, maana mwanga wenyewe unapunguzwa kwa kuwasha na kuzima haraka haraka. Au walau ikiona kelele imezidi ikatae kabisa, heri batani igome kuliko kuandika uongo kwenye hela ya mtu.

Halafu saizi jamani. Kadi ya benki ni milimita 85.6 kwa 54. Toa skrini, toa spika, unabaki na kama milimita 45 za kupanga mistari mitano ya batani, kila mstari milimita 9 ukijumlisha na nafasi za katikati. Dole gumba la mtu mzima linafunika mistari miwili. Mke wangu anauza na soda za baridi pembeni, mikono ina maji muda wote, tone likikaa kati ya 8 na 0 basi hapo ni ramli.

Kinachonikera zaidi ni kwamba haya sio mageni. LG Chocolate ya 2006, wa zamani mnaikumbuka, nyeusi tii ukigusa zinawaka nyekundu, kila mtu aliitamani na kila aliyeimiliki alilalamika inajibonyeza yenyewe. Nexus One, simu ya Google ya mwaka 2010, zile alama nne za chini, watu wanagusa alama haiitiki mpaka upandishe kidole juu kidogo, yaani mchoro na sehemu inayohisi kidole haviko pamoja. Samsung za Galaxy za mtumba nimezifungua mpaka nimechoka, zile batani mbili pembeni ya homu, taa zake kwenye setingi unachagua zikae sekunde 1.5 au 6, au ziwake muda wote, au zisiwake kabisa, hao angalau walikuachia mwenyewe uamue. 2017 kwenye S8 wakaziondoa zote wakazihamishia kwenye skrini. Makosa yote yameshafanywa na wakubwa hadharani, wewe unayekuja leo ulishindwa nini kuyasoma?

Mi naona tatizo ni kwamba aliyebuni taa na aliyebuni mguso hawajawahi kukaa meza moja. Wa taa anaambiwa ipendeze kwenye picha ya tangazo, wa mguso anaachiwa nafasi iliyobaki. Ndio maana ile simu inawasha namba zote kumi na mbili kwa pamoja na kuzizima zote kwa pamoja, haikuambii chochote. Si ungeifanya ile niliyogusa ifumbe na kufumbua mara moja nijue nimepokelewa? Ikipokelewa mara mbili ifumbe mara mbili. Mke wangu angeiona ile sifuri ya tano kwa macho yake kabla hata ya namba ya siri. Taa zipo, chipu ipo, ni mistari michache tu ya programu.

NYONGEZA: Naona wameanza. Anayesema "si angetumia simu janja": mkuu kaa chini ya mwavuli saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku na simu janja ya laki tatu mkononi stendi uje utusimulie. Wewe uliyesema nunua chaja nzuri, upo sahihi, ila simu inauzwa 45,000, mtu ataweka chaja ya 30,000? Watengenezaji wanajua itachomekwa kwenye nini.

NYONGEZA 2: Nimechomelea kapasita kwenye LED zote kumi na mbili, kazi ya masaa matatu kwa lensi. Kwenye betri sasa haikosei. Kwenye chaja ya buku tatu sifuri ishirini zinakuja 21. Nimempelekea mke wangu akaniangalia tu, akafungua droo akatoa kile kitochi chake cha mpira. Kama kuna mdau ana kava la batani la aina hiyo namba bado zinasomeka, PM iko wazi.