Kiwandani Mwanza mafunzo ni ya wasiozidi miaka 35, sisi wengine kazi yetu kunong'onezwa tu?

Wanajamvi, salaam.

Nina umri wa miaka 51, na kwa miaka 19 nimekuwa nikipokea na kukagua sangara katika kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza, ambacho sitakitaja kwa kuwa bado ndicho kinachonilisha. Mwezi uliopita uongozi ulibandika tangazo kwamba kumbukumbu za mapokezi zitatoka kwenye daftari na kuingia kwenye kishikwambi, na kwamba mafunzo yatatolewa kwa wafanyakazi "wasiozidi miaka 35". Nilipomwuliza afisa utumishi sababu, alicheka akasema, "Mama, mambo haya yatakutesa bure." Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu, na hesabu zote za wanachama ziko kwenye simu yangu. Nani alinipima akaona siwezi?

Sasa kishikwambi anacho kijana wa miaka 24, mwenye mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ana adabu na sina ugomvi naye, lakini sangara hakaguliwi kwa kugusa kioo. Unafunua mashavu uone kama bado ni mekundu au yamegeuka kahawia, unabonyeza mnofu uone kama kidole kimeacha shimo, unatazama jicho, unanusa. Kwa hiyo kila mzigo wa kutoka visiwani unaposhushwa, yeye huninong'oneza, "Mama, huyu umemwonaje?" Mimi namjibu, naye anabonyeza.

Juma lililopita nilisema makreti matatu yarudishwe. Msimamizi akauliza maoni yangu yameandikwa wapi, nikamjibu kwamba hayaandikwi popote kwa sababu jina langu halimo kwenye mfumo. Akamgeukia kijana, ambaye mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi, naye akasema kipimajoto hakina tatizo. Ni kweli, kilisoma nyuzi 3. Lakini barafu humpoza hata samaki aliyeshinda juani ndani ya mtumbwi nusu siku kabla ya kutiwa barafu. Makreti yakapita. Mimi ninayejua sina sauti, na yeye aliyepewa sauti anaogopa kuitumia, halafu kwenye mikutano tunaambiwa kwamba wazee na vijana hatuelewani!

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inautaja umri waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kuyatumia kumbagua mfanyakazi. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, kwa hiyo nimebakiza tisa, si miezi.

Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi ananiambia nisubiri tuyamalize kindugu. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na leo ni siku ya 41 tangu tangazo libandikwe. Aliyewahi kufungua shauri la namna hii akiwa bado kazini anijuze: picha ya tangazo niliyoipiga kwa simu, hiyo hiyo inayodaiwa kunishinda, inatosha kuwa ushahidi, au nitafute nakala yenye mhuri?